Kugawa malisho kila familia na kipande chake ni kuwaumiza wafugaji

Kila nikisikia mtu anasema dawa ya malisho kuisha ni kila familia ipewe kipande chake na hati mkononi, nachoka kabisa. Hoja yao naijua, eti cha wote hakina mwenyewe, kila mtu ataongeza ng'ombe mpaka nyasi ziishe, na imekolea sana tangu Garrett Hardin, mwanaikolojia wa Marekani, aandike ile makala yake ya 1968. Lakini jamani, yeye alikuwa anaongelea malisho yaliyo wazi kwa yeyote. Malisho ya pamoja ya wafugaji wengi hayako hivyo, kuna wazee, kuna eneo la masika na eneo la kiangazi, ukiingiza mifugo kabla ya muda unapigwa faini. Elinor Ostrom, msomi wa Marekani, alipewa Nobel ya uchumi 2009 kwa kuonyesha hayo hayo, kwamba watu wanaweza kujiwekea sheria wenyewe na zikafuatwa.

Kitu kinachonisumbua zaidi ni mvua. Sehemu kame hainyeshi sawa, leo inapiga hapa na mbele kidogo ni vumbi tupu, mwaka ujao inageuka, sasa wewe una kipande chako na fensi pande zote na mvua imekuruka, unaenda wapi? Unakodi nyasi kwa jirani, akikataa unauza ng'ombe bei ya kutupa. Na wasipohama wanakanyaga palepale mwaka mzima, nyasi hazipumziki.

China waligawa malisho ya jimbo lao la Mongolia ya Ndani kwa kaya kuanzia miaka ya 1980, huku nchi ya Mongolia watu wakiendelea kuhama kwenye malisho ya umma. Mtafiti David Sneath alilinganisha kwa picha za setilaiti, akachapisha 1998: upande wa China zaidi ya theluthi moja ya malisho imeharibika, Mongolia kama sehemu moja ya kumi. Sawa, kilimo nacho kilichangia, ila tofauti hiyo ni kubwa mno.

Hapa Kenya ranchi za vikundi, yaani ardhi iliyosajiliwa kwa pamoja kwa wanachama, huko Kajiado nyingi zimegawanywa, na kusema ukweli waliogawana nawaelewa. Wanakamati walikuwa wanajikatia sehemu nzuri, vijana hawaandikwi kwenye rejista, watu wakaona bora kila mtu achukue chake kabla hakijaisha. Hofu hiyo ni ya kweli kabisa. Ila baadaye wengi wakauza vipande, fensi zikaziba njia za mifugo, na kuna majirani ambao ilibidi warudi kukubaliana kulishiana tena!

Sisemi familia isiwe na chake. Boma na sehemu ya ndama karibu na nyumbani, hiyo hata zamani ilikuwepo, na Wasukuma wa Tanzania wana ngitili, yaani malisho yanayofungwa masika ili yatumike kiangazi, za familia na za kijiji na zote zinaokoa mifugo kiangazi. Lakini eneo kubwa la mbali libaki la pamoja, na ibanwe kamati badala ya kukatakata ardhi: rejista iwe wazi, wanawake na vijana wawemo, mkutano ndio uamue nani anaingia lini. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya Kenya ya 2016 inaruhusu kusajili ardhi kwa jina la jamii, na kuiuza lazima theluthi mbili ya watu wazima waliosajiliwa wakubali, kwa hiyo ambao hamjagawana anzeni na hilo kabla hamjamwita mpima ardhi.