Alizeti si moja
Kuna mwandishi anayedai mafuta ya alizeti ni yale yale popote yanakotoka, kinachotofautiana ni bei tu. Hapo sikubaliani naye hata kidogo. Nakamua mbegu za mafuta hapa Buhongwa, Mwanza, mwaka wa tisa sasa. Mafuta ya alizeti ya kawaida yana asidi ya linoleiki nyingi (aina ya mafuta inayoharibika upesi kwa moto), kama asilimia 48 hadi 74, lakini zipo mbegu zilizozalishwa makusudi ambazo asidi ya oleiki (aina isiyoharibika upesi) inafika asilimia 75 na kuendelea, na mafuta yake huvumilia karai la moto muda mrefu zaidi. Hata mbegu ya aina ile ile hubadilika: punje zikijaa kipindi cha joto, oleiki hupanda na linoleiki hushuka. Mafuta ya pamba yetu ya Usukumani ndiyo habari nyingine kabisa, asidi ya palmitiki (aina inayoganda kwenye baridi) peke yake inakaribia robo. Weka chupa yake kwenye friji uone, inatia ukungu, kisha utando mweupe unatuama chini, na mteja anakuja juu akidhani amechanganyiwa kitu. Hajachanganyiwa, ndivyo mafuta ya pamba yanavyoganda! Nyinyi mnaokaanga dagaa na sato pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, mnatumia ya mbegu gani, na yanastahimili mikaango mingapi kabla hayajaanza kutoa povu?