Pasipoti yangu ilitoka juu ya seli

Pasipoti iliyonileta Berlin niliipangia foleni Nyayo House, Nairobi, kama Wakenya wengi. Tulikuwa tukisogea hatua moja moja, bahasha kwapani, mzee aliyenitangulia akagonga sakafu kwa kisigino mara mbili. "Hapa chini," akaniambia, "ndiko walikokuwa." Sikumuuliza akina nani.

Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, na hasa kuanzia msako wa 1986 dhidi ya Mwakenya, kundi la siri lililopinga serikali, wahadhiri, wanafunzi na wanahabari walishushwa kwenye vyumba vya chini vya jengo hilo. Walionusurika wamesimulia giza, kipigo, na seli zilizomwagwa maji mtu akose pa kuketi. Wengi walipelekwa kortini bila wakili wakakiri kuwa na makaratasi ya uchochezi. Ghorofa za juu, ofisi ziliendelea kugonga mihuri. Mjomba wangu alikaa huko siku kumi na tisa.

Sasa naishi Lichtenberg, karibu na kituo cha Magdalenenstraße, yalipokuwa makao makuu ya Stasi, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki. Leo ni makumbusho. Waliacha mafaili ya urefu wa kilomita 111 hivi, na tangu 1992 aliyepelelezwa anaweza kuomba kusoma lake. Jirani yangu, bibi wa miaka sabini na ushei, alinionyesha ukurasa mmoja wa faili lake. Aliyemchongea ameandikwa kwa jina la bandia, lakini kuna sentensi kuhusu keki ya siku ya kuzaliwa iliyoungua upande mmoja. Mezani siku hiyo walikuwa watu watatu tu.

Wenzangu wa huku wakisikia habari kama hizi hutikisa kichwa: wazungu wanajua kuiangalia historia yao, sisi tunafukia. Hapo ndipo tunapokosana.

Januari 15, 1919, wanajeshi waliotumwa kuzima mapinduzi waliwaua viongozi wa kikomunisti Rosa Luxemburg na Karl Liebknecht hapa Berlin. Maiti ya Rosa ilitupwa kwenye mfereji wa Landwehr, ikaonekana mwisho wa Mei. Ofisa aliyetoa amri, Waldemar Pabst, hakuwahi kushtakiwa kwa mauaji hayo. Mwaka 1962 alijieleza bila haya katika jarida la Der Spiegel, akafa 1970 akiwa mtu huru. Hiyo ndiyo Ujerumani inayosifiwa.

Nao waliojiita warithi wa Rosa, watawala wa Ujerumani Mashariki? Januari 1988 wapinzani walikamatwa kwenye maandamano ya kumkumbuka, kosa lao ni kubeba maneno yake mwenyewe: kwamba uhuru ni uhuru wa anayefikiri tofauti. Serikali ya mapinduzi iliwaona maadui wa mapinduzi. Neno hilo halina mwenyewe, huokotwa na yeyote mwenye funguo za jela.

Kwa hiyo mafaili hayakufunguliwa kwa sababu Mjerumani ana dhamiri kuliko sisi. Dola iliyoyaandika ilianguka, na Januari 15, 1990, wananchi wakavamia yale makao. Waingereza vilevile: walificha Hanslope Park, ghala la siri la serikali huko Uingereza, nyaraka za ukoloni walizozihamisha kutoka Kenya hadi wazee wa Mau Mau walipowaburuta kortini. Mwaka 2013 wakakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228.

Kwetu nani aliyeanguka? Mau Mau yenyewe ilibaki kundi haramu hadi 2003, miaka arobaini ya uhuru, na kaburi la kiongozi wake, Dedan Kimathi, aliyenyongwa Kamiti mwaka 1957, halijulikani hata baada ya kujengewa sanamu mjini. Ripoti ya tume ya ukweli na haki ilikabidhiwa Mei 2013, ikaishia kupigwa danadana bungeni. Walioshika kalamu enzi zile walistaafu kwa heshima, au hawakustaafu.

Bibi aliponiuliza kama mjomba ameshasoma faili lake, nilicheka, kisha nikaona haya. Mjomba hajui aliyemtaja. Anashuku wawili, mmoja akiwa msimamizi wa harusi yake. Huyo alipofariki, mjomba hakwenda kumzika, akakaa siku nzima shambani akipalilia mahindi yaliyokwisha kupaliliwa. Jioni alisema kitu kimoja tu, kwamba huenda alikuwa yule mwingine.