Watoto kwenye meli za kitalii: huku wanahesabiwa, nyumbani wanaaminiwa

Ndugu walioko nyumbani wana swali lao kila wakisikia kwamba familia ya huku ughaibuni imepanda meli ya kitalii na watoto wameshinda kwenye klabu yao: "Sasa mmesafiri pamoja ili mkae mbalimbali?" Linaulizwa kwa kicheko, lakini ndani yake mna lawama. Mzazi wa ughaibuni anaonekana amezoea kulipia kila kitu, mpaka kukaa na mwanawe mwenyewe. Kwa maoni yangu lawama hiyo inampiga asiye na kosa, na lile ambalo kweli lingestahili kulaumiwa inalipita pembeni.

Kwa wasiozijua, meli kubwa za familia hutenga sehemu nzima ya sitaha kwa ajili ya watoto, na hata huko watoto hawachanganywi ovyo. Kampuni ya meli ya Carnival huwaita wa miaka 2 hadi 5 Penguins, wa 6 hadi 8 Stingrays, wa 9 hadi 11 Sharks. Wa 12 hadi 14 wana ukumbi wao, na wa 15 hadi 17 wana wao. Royal Caribbean wana mpango uitwao Adventure Ocean, unaopokea mtoto kuanzia miaka 3, kwa sharti kwamba ameshaachana na nepi. MSC wameshirikiana na Lego, kwa hiyo huko matofali ya kuchezea hayaishi. Ratiba hujaa kuanzia asubuhi: majaribio ya sayansi, kuchora, kusaka hazina, michezo ya mbio, sinema, disko la watoto. Kwa kawaida yote hayo yamo ndani ya nauli, ila kuanzia saa nne usiku kampuni nyingi huanza kutoza kwa saa. Wachanga wana masharti yao. Meli nyingi hazimpandishi mtoto aliye chini ya miezi 6, na safari za kuvuka bahari kuu hudai awe ametimiza miezi 12.

Sasa turudi kwenye lawama. Anayeuliza akiwa nyumbani anasahau kwamba yeye tayari anayo klabu ya watoto, tena haifungwi saa nne. Mwanawe akitoweka machoni mwake mchana kutwa hashtuki, maana anajua yuko kwa mtu: kwa shangazi, kwa bibi, kwa jirani, au na wenzake wakubwa. Hakuna aliyemwandikisha wala kutia sahihi. Mzazi wa nyumbani hupumzika bila kujua kwamba anapumzika, na kwa sababu hiyo mapumziko ya kununuliwa humchekesha.

Huku kila saa ya mtoto ina mtu aliyepangiwa. Shule ikitoka kuna mlezi wa jioni, naye akimaliza zamu yake ni wewe, na wewe ukimaliza ni wewe tena. Ukitaka kwenda hata kwa daktari, unaanza kupiga simu siku mbili kabla kutafuta atakayekaa na watoto. Mzazi anayeishi hivyo mwaka mzima, akimfikisha mwanawe kwenye mlango wa klabu na mtoto akaingia mbio bila kugeuka nyuma, hajamtupa. Amepata kile ambacho dada yake aliyebaki nyumbani anakipata kila siku bure. Na kuna faida nyingine ambayo huenda isionekane upesi: mtoto wa mhamiaji, ambaye huku anakoishi hana binamu hata mmoja karibu, hujikuta chumbani na watoto wa mataifa chungu nzima, ambao nao ni wageni wa siku hiyohiyo. Hakuna mwenyeji wa kumuuliza ametoka wapi.

Kwa hiyo lawama ya kwanza naifuta. Ninayobaki nayo ni juu ya ule mgawanyo.

Huku ughaibuni watoto hupangwa kwa umri kama viatu dukani, kila saizi na rafu yake, na meli imeuchukua utaratibu wa shule na kuupeleka likizoni. Ndugu wawili waliopishana mwaka mmoja, wa miaka 8 na wa 9, wanaolala chumba kimoja na kucheza pamoja kila siku, wakipanda meli wanaingia milango miwili. Nimewaona watoto wa rafiki zangu wakitenganishwa namna hiyo. Mkubwa alipata marafiki kabla ya chakula cha mchana. Mdogo alishinda akiuliza kaka yake yuko wapi, na kufika jioni akasema kesho haendi. Sababu za kampuni nazielewa. Mtoto wa miaka 3 hawezi kukaa kwenye chumba chenye vipande vidogo vya kumeza, na mlezi mmoja hawezi kuwasimamia waliozidi uwezo wake. Hata hivyo nyumbani ule mchanganyiko ndio ulikuwa mchezo wenyewe. Mdogo alijifunza sheria kwa kushindwa na wakubwa, na mkubwa alijifunza kupunguza mbio ili mdogo amfikie. Mtoto anayekutana na wa rika lake tu, shuleni, mpirani na sasa hata baharini, atajifunza wapi kuwa mkubwa kwa mtu mwingine?

Jambo hili linawezekana kurekebishwa. Disney, ambao meli yao ya kwanza ilianza safari mwaka 1998, wana Oceaneer Club na Oceaneer Lab, na kumbi hizo hupokea kundi pana la umri kuanzia miaka 3, ndugu wakaweza kukaa pamoja wakitaka. Wametenga shughuli kwa umri, si kuta. Nashangaa kwamba wengine hawajaiga.

Nikiwa nimesema hayo, ndugu zangu wa nyumbani wasifikiri nimewapa ushindi. Liko jambo moja ambalo meli inatushinda kabisa.

Mtoto akiingia klabu anavishwa bangili. Anaandikwa jina, chumba, ugonjwa, chakula kinachomdhuru, na majina ya watu wanaoruhusiwa kumchukua. Katika baadhi ya meli lazima mzazi ataje na neno la siri. Kwenye mkono wake pia huwekwa alama ya kituo ambako familia yake inapaswa kukusanyika ikitokea dharura, ili mhudumu yeyote atakayemkuta ajue ampeleke wapi. Haya si kwa kupenda karatasi. Meli ya kitalii ya Costa Concordia ilipogonga mwamba Januari 2012 karibu na kisiwa cha Giglio nchini Italia, walikuwemo abiria waliopanda siku hiyo na walikuwa hawajafanya zoezi la dharura hata mara moja. Baada ya hapo kanuni za kimataifa za usalama wa meli zilibadilishwa, na tangu tarehe 1 Januari 2015 zoezi hilo lazima lifanyike kabla ya meli kung'oa nanga au mara tu inapoondoka.

Nyumbani tunasema mtoto ni wa wote, na mara nyingi ni kweli. Ila nendeni na ukoo mzima kando ya maji, watu wazima ishirini na watoto idadi isiyojulikana, halafu muulize ghafla: nani anawatazama? Kila mmoja atamwangalia mwenzake. Watu wazima ishirini wanaotazama wote kwa pamoja wanaweza kumkosa mtoto ambaye mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo asingemkosa. Kumtaja mtu mmoja, kwa jina, kwamba kuanzia sasa mpaka saa fulani watoto ni wako, hakugharimu kitu na wala hakuupunguzii ukoo upendo. Tungeanza na hilo.

Wala meli nayo isijisifu kupita kiasi, maana kuhesabu huko huishia mlangoni mwa klabu. Hatua chache kutoka hapo kuna bwawa la kuogelea, na katika meli nyingi bwawa hilo halina mwokoaji, lina ubao tu wa kusema kwamba mnaoga kwa hatari yenu. Disney wanao waokoaji, na Royal Caribbean walianza kuwaweka mwaka 2017. Mzazi aliyezoea kwamba mwanawe yuko kwenye orodha ya mtu fulani anafika bwawani na kulala usingizi, akidhani orodha ile inaendelea.

Halafu kuna jambo ambalo abiria wengi hawalioni, lakini mhamiaji hawezi kulikwepa. Wanaotandika vitanda na kuandaa meza kwenye meli hizi wengi wao wametoka Ufilipino, Indonesia na India, kwa mikataba ya miezi kadhaa mfululizo. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006 hauruhusu mtu akae kazini melini bila likizo kufikia miezi 12, lakini hata miezi saba au minane ni mingi kwa aliyeacha mtoto wa miaka miwili. Wengine wana watoto wanaolelewa na bibi zao, wanaowaona kwenye simu pale intaneti inapokubali. Mhudumu akimkunjia mwanao taulo kwa umbo la mnyama na kuliacha juu ya kitanda, mtoto wako anaruka kwa furaha, na yeye anakuambia kwamba wake ni wa umri huohuo. Unajibu nini? Wengi wetu tulio huku tumewahi kuwa upande wake: mshahara unakwenda nyumbani, karo inalipwa, na mtoto anamwita mtu mwingine mama. Watoto wetu wanapumzishwa na watu ambao wa kwao wanapumzishwa na ukoo. Kumbe hata meli yenyewe inaitegemea ile klabu ya nyumbani isiyo na bangili.

Kuhusu vijana sina mengi. Kuanzia miaka 12 wengi huingia na kutoka kwenye kumbi zao wenyewe, na katika baadhi ya meli hata wa miaka 9 anaweza kujitoa mwenyewe kama mzazi ametoa idhini. Idhini hiyo mimi siitoi. Kwa mkubwa naweka saa ya kurudi chumbani, na akisema wenzake hawana saa, namwambia wenzake wana wazazi wao.

Mnaopanga safari, ulizeni mambo haya kabla ya kulipa: kama ndugu waliopishana umri wanaweza kuwekwa pamoja, kama bwawa lina mwokoaji, na klabu inafungwa saa ngapi siku meli ikiwa bandarini. Mkiuliza hilo la ndugu mara nyingi, pengine hao wengine nao watavunja ukuta mmoja.