EJ20 ya turbo: pistoni kwanza au tyuni kwanza?

Wakikutana watu wa Subaru Nairobi kupanga injini ya gari la barabarani, ubishi huanzia palepale. Wa kwanza anasema: fungua EJ20, ile injini ya Subaru ya lita mbili, weka pistoni na konrodi za kufua (zilizogandamizwa kwa nguvu badala ya kumiminwa), ndipo uzungumze habari ya busti, yaani shinikizo la hewa linaloongezwa na turbo. Wa pili anasema: bloku ya kiwanda, yaani mwili wa injini, iache ilivyo, pesa ziende kwenye mafuta, upoozaji na tyuni, yaani kuipanga kompyuta ya injini. Mimi niko na wa pili, ila hoja ya wa kwanza ni nzito na inastahili kusikilizwa vizuri.

Pistoni za kusubu, zile zilizomiminwa kwenye kalibu kama zilivyo nyingi za kiwanda, ni ngumu lakini hukatika kama kigae. Injini inapogonga, yaani mchanganyiko wa hewa na petroli uliobaki unapolipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia, kishindo huangukia ule ukingo mwembamba ulio kati ya ringi. Ukingo ukimeguka, silinda hiyo haibani tena, oili inaanza kurushwa nje kupitia njia ya kupumulia, na safari imeishia hapo. Pistoni ya kufua huvumilia zaidi: inapinda kabla ya kuvunjika, nawe unapata nafasi ya kusikia na kuondoa mguu. Tena injini zetu nyingi ni mtumba wa Japani. Hujui ilibadilishwa oili mara ngapi wala ilikimbizwa na nani. Kuifungua ndiyo njia pekee ya kuziona beringi kwa macho.

Hayo yote ni kweli. Lakini pistoni ya kufua ina masharti yake. Zile za aloi ya 2618, zinazopendwa na wajenzi wa mashindano, hutanuka sana zikipata moto, kwa hiyo hufungwa na nafasi kubwa zaidi ndani ya silinda. Asubuhi ya baridi utazisikia zikigongagonga ukutani hadi zipate joto, na gari la safari fupi za mjini huzichosha. Aloi ya 4032, yenye silikoni takriban asilimia 12, hutanuka kidogo na inafaa barabarani zaidi, ingawa uvumilivu wake ni mdogo kuliko wa 2618. Kisha kuna kazi ya mashine. Silinda ya EJ20 ina kipenyo cha milimita 92, na bloku ikichongwa bila kufungiwa bamba zito linaloiga mkazo wa silinda hedi, tundu lililokuwa duara mezani huacha kuwa duara pale boliti zinapokazwa. Nimeona watu wakilipia pistoni za bei kali, kisha wakatafuta karakana ya bei nafuu ya kuchonga. Kuliko kufanya hivyo, afadhali bloku ya kiwanda ambayo haijawahi kufunguliwa.

Linaloniweka upande wa pili hasa ni petroli na hewa. Magari haya yalipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa kiwango chao haishuki oktani 96 (oktani ni kipimo cha petroli kustahimili kugonga) na mara nyingi hukaribia 100. Pampu zetu za kawaida ziko chini ya hapo. Kwa hiyo hata gari ambalo halijaguswa linafika hapa likiwa tayari na akiba ndogo dhidi ya kugonga, na kila pasenti ya busti unayoongeza inakula akiba hiyohiyo.

Sasa shuka Mombasa. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari, shinikizo la hewa ni karibu kPa (kilopaskali) 83. Pwani ni 101. Gari likiwa na vali ya busti ya kukaza kwa mkono, iliyowekwa bar 1.2 Nairobi (bar moja ni kPa 100), injini inapokea jumla ya kPa 203. Peleka gari lilelile pwani na vali ileile: sasa inapokea 221, karibu asilimia 9 zaidi, na hewa yenyewe ni ya moto. Kompyuta ya kiwanda hupima shinikizo la anga na kurekebisha. Vali ya mkono haijui lolote. Baya zaidi, kwenye jedwali la taimingi, yaani la wakati wa plagi kuwasha moto, injini inaingia visanduku ambavyo tyuna hakuvigusa, kwa sababu kwenye daino, mashine ya kupimia nguvu, ya Nairobi injini haikuweza kufika huko.

Ongeza barabara yenyewe. Ukirudi, unapanda Mazeras nyuma ya malori, mwendo wa polepole, intakula, kipoza hewa ya turbo kilicholala juu ya injini, ikichemka bila upepo. Nafasi inatokea, unakanyaga hadi mwisho ili upite. Hapo ndipo injini ya barabarani hupata mzigo wake mkubwa kabisa: hewa ya moto, busti kamili, gia ya juu. Pistoni ya kufua itavumilia hali hiyo mara nyingi zaidi kuliko ya kusubu, lakini haiondoi chanzo chake. Ukiendelea kugonga, zamu ya beringi na gasketi itafika.

Oili niiseme kwa kifupi. Bomba la kunyonya oili la EJ linajulikana kwa kupasuka kwenye kiungo chake, na likipasuka pampu inavuta hewa. Kulibadilisha ni kazi ya kufungua sampu tu. Sijaelewa kwa nini mtu anunue turbo kubwa kabla ya bomba hilo.

Kwa hiyo, ikiwa shabaha ni nguvu-farasi 300 na ushee, mpango wangu ungekuwa huu: kupima mbano na uvujaji wa kila silinda, kisha bomba la oili, rejeta, pampu ya mafuta na injekta, kisha tyuni kwa petroli utakayonunua kila siku, na busti idhibitiwe na kompyuta. Silinda moja ikishindwa kipimo cha mwanzo, ubishi umekwisha. Fungua, na ukifungua weka za kufua. Vilevile anayetaka 400 au zaidi, namuunga mkono wa kwanza bila kusita.

Na kabla ya kulipa salio la tyuna, mwombe siku moja ya pwani. Arekodi usomaji wa kihisi cha kugonga kwenye mpando wa Mazeras, gia ya nne, saa nane mchana, kisha afungue kompyuta yake ya mkononi kando ya barabara na kuvijaza vile visanduku vilivyobaki.