Ufaransa ya mpira wa mikono ilijengwa na wakabaji

Ukitaja mpira wa mikono wa Ufaransa mbele ya watu wanaoufuatilia, jina la kwanza litakalotajwa ni Nikola Karabatić, na la pili mara nyingi ni la mfungaji mwingine. Video zinazosambaa mtandaoni nazo ni hizohizo: Luc Abalo akikunja kiganja, mpira ukadunda chini na kumpita kipa asijue umepitia wapi, au Daniel Narcisse akiruka juu ya mabeki kiasi cha kubatizwa jina la “Air France”. Nazipenda mno video hizo. Lakini kila ninaporudia kutazama fainali za Ufaransa nabaki na imani ileile, kwamba mabao siyo yaliyoifanya timu hii kuwa kubwa. Ukubwa wake ulitokana na wapinzani kutafuta pa kupita wakakosa.

Hebu tuanze na matokeo yenyewe. Fainali ya dunia ya 1995 mjini Reykjavik, Kroatia ilifunga mabao 19 tu. Fainali ya 2009, tena Kroatia, tena 19, na safari hii walikuwa nyumbani kwao Zagreb, ukumbi mzima ukiwaimbia. Olimpiki ya Beijing 2008, Aisilandi 23. London 2012, Uswidi 21, na Ufaransa ikashinda kwa 22! Lusail 2015, wenyeji Qatar 22. Tokyo, Denmark yenye washambuliaji wa kutisha, 23. Katika mchezo ambao timu nzuri hufikisha mabao 30 bila taabu, hizo ni hesabu za watu waliofungiwa mlango.

Kwa msomaji aliyezoea kikapu au mpira wa pete, niseme machache. Wanacheza 7 kwa 7, kipa akiwemo, katika uwanja wa mita 40 kwa 20, vipindi viwili vya dakika 30. Mbele ya goli kuna mstari wa mita 6 ambao ndani yake anasimama kipa peke yake. Mabeki hujipanga kuuzunguka mstari huo, na kazi yote ngumu ya mchezo hufanyika hapo, kifua kwa kifua. Mshambuliaji akipata upenyo wa nusu mita tu, mpira unatoka mkononi kwa kasi inayoweza kuzidi kilomita 100 kwa saa. Kwa hiyo beki anayechelewa hatua moja amemwachia kipa msiba.

Aliyeifungulia Ufaransa njia alitoka mbali na Paris. Jackson Richardson alizaliwa 1969 Saint-Pierre, kisiwani Réunion, mashariki ya Madagaska, katika Bahari ya Hindi hii hii inayopiga Zanzibar na Mombasa. Alikuwa na rasta ndefu, na mwili wake haukuwa wa kutisha ukilinganishwa na majitu ya Uswidi na Urusi ya wakati ule. Kocha Daniel Costantini, aliyeishika timu ya taifa kuanzia 1985 hadi 2001, alimpa kazi ambayo naiona ndiyo siri ya kila kilichofuata: mabeki 5 wanabaki nyuma kwenye mstari, Richardson anasimama peke yake mbele yao.

Mtazame katika mikanda ya miaka ile. Timu pinzani inapitisha mpira kutoka kushoto kwenda kulia, kama ilivyofanya maelfu ya mara mazoezini, na yeye yuko katikati ya njia ya kila pasi. Anajifanya amemfuata mwenye mpira, kumbe jicho lake liko kwa atakayepokea. Mkono unachomoka, mpira umeshakuwa wake, na kabla mabeki hawajageuka yeye yuko peke yake na kipa. Alikaba kama mshambuliaji. Kiungo mchezeshaji wa timu pinzani, aliyezoea kupewa nafasi ya kufikiri, alijikuta anatoa pasi kwa hofu. Ndivyo Ufaransa ilivyopata shaba ya Olimpiki ya Barcelona 1992, ikafika fainali ya dunia 1993, na mwaka 1995 ikawa bingwa wa dunia. Lilikuwa taji la kwanza la dunia kwa timu ya taifa ya Ufaransa katika mchezo wowote wa mpira wa timu, miaka 3 kabla ya Zinedine Zidane na wenzake. Richardson akatajwa mchezaji bora wa dunia mwaka huohuo, akarudia ubingwa wa dunia mwaka 2001 ndani ya Paris, na mwaka 2004 akabeba bendera ya Ufaransa katika ufunguzi wa Olimpiki ya Athens. Mtoto wa Réunion! Alicheza mechi 417 za timu ya taifa.

Kizazi kilichofuata kilikuja na ukabaji wa aina nyingine. Didier Dinart, mzaliwa wa Pointe-à-Pitre huko Guadeloupe, hakuwa mtu wa kuvizia pasi. Alikuwa ukuta. Timu ikipata mpira, mara nyingi alikimbilia benchi na mshambuliaji akaingia. Mpira ukipotea, Dinart anarudi. Unaweza kumtazama katika mechi nzima usimwone akirusha mpira golini hata mara moja. Lakini tazama mikono yake. Mmoja unashika njia ya bega la kurushia la mpinzani, mwingine uko kiunoni kwake, na miguu inahama kwa hatua fupifupi bila kupishana. Mshambuliaji anagonga, anarudi nyuma, wanapasiana tena, wanagonga tena. Baada ya muda mwamuzi ananyoosha mkono juu kuwaonya kuwa wanapoteza wakati, na hapo ndipo wanaporusha kwa lazima, kutoka mbali, wakiwa wamebanwa.

Na huko nyuma anawasubiri Thierry Omeyer. Kipa huyu wa Mulhouse alikuwa mchezaji bora wa dunia mwaka 2008, heshima ambayo makipa huipata kwa nadra, na mwaka 2015 akiwa na miaka 38 alitajwa mchezaji bora wa mashindano ya dunia kule Qatar. Sifa zote anazistahili. Ila ukweli ni kwamba yeye na mabeki wake walikuwa kitu kimoja: beki anainua mikono kuziba upande mmoja wa goli, kipa anachukua uliobaki. Mrushaji anadhani amechagua pa kurusha, kumbe amechaguliwa. Omeyer alikuwa na desturi ya kupiga kelele na kukunja ngumi kila akipangua mpira, na mabeki wakamjia wakipiga kelele naye, maana walijua ule mpira wameupangua wote.

Kuna mechi moja ya klabu ambayo wapenzi wa mchezo huu hawaizungumzii vya kutosha. Fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya 2003, Montpellier dhidi ya Portland San Antonio ya Pamplona. Mechi ya kwanza Hispania, Montpellier wakapigwa 27 kwa 19. Deni la mabao 8! Wakarudi nyumbani, wakiwa chini ya kocha Patrice Canayer, wakashinda 31 kwa 19. Golini alikuwepo Omeyer. Kijana Karabatić, miaka 19, alikuwa katika kikosi hicho. Na upande wa pili, akiwa na jezi ya Pamplona, alikuwepo Jackson Richardson. Hadi leo Montpellier ndiyo klabu pekee ya wanaume ya Ufaransa iliyolitwaa kombe hilo, ikalirudia 2018 ikiwa na Melvyn Richardson, mtoto wa Jackson. PSG imewanunua mastaa wa kila aina kwa fedha za Qatar na bado haijalipata. Kwangu mimi hilo si jambo la bahati mbaya tu: mfungaji unaweza kumnunua akafunga wiki hiyohiyo, lakini ukabaji wa pamoja unadai watu waliokaa pamoja miaka.

Sasa Karabatić. Sitaki nieleweke vibaya, sioni mchezaji mwanamume aliyekamilika kuliko yeye. Alizaliwa Niš mwaka 1984, mama Mserbia, baba Mkroatia, Branko, ambaye mwenyewe alikuwa kipa wa kimataifa wa Yugoslavia kabla ya kuhamishia familia Ufaransa kwa kazi ya mpira huohuo. Ligi ya Mabingwa aliitwaa na klabu 3 tofauti: Montpellier 2003, Kiel 2007, Barcelona 2015. Dhahabu 3 za Olimpiki, mataji 4 ya dunia, 4 ya Ulaya, mchezaji bora wa dunia mara 3. Katikati ya hayo kulikuwa na doa la kamari iliyochezwa juu ya mechi ya Montpellier ya mwaka 2012, ambalo lilimfikisha mahakamani na akatiwa hatiani. Siwezi kuandika habari zake nikaliruka.

Lakini swali langu ni hili: kwa nini alidumu na timu ya taifa zaidi ya miaka 20? Mbio zilipungua, mirusho ya mbali ikapungua, vijana wakamzidi kwa kuruka. Alidumu kwa sababu alikaba katikati ya ukuta, tangu enzi za Dinart hadi alipokuwa bega kwa bega na mdogo wake Luka, ambaye ujanani alikuwa mcheza tenisi. Fainali ya Tokyo iliisha hivyohivyo. Ufaransa inaongoza kwa bao moja, Denmark wana mpira na sekunde zinayoyoma, Luka akaupokonya, Ludovic Fabregas akaurusha kwenye goli tupu. 25 kwa 23.

Siku iliyofuata wanawake wa Ufaransa nao wakachukua dhahabu yao ya kwanza ya Olimpiki, 30 kwa 25 dhidi ya Warusi. Habari za wanawake hawa huandikwa kama kiambatisho, jambo linaloniudhi, maana hoja yangu inaonekana wazi zaidi kwao. Fainali ya dunia ya 2003, Zagreb, dhidi ya Hungaria: walikuwa nyuma kwa mabao 7 katika robo ya mwisho ya mchezo. Wakasawazisha 28 kwa 28 kwa penalti ya Leila Lejeune. Kila mtu anaikumbuka ile penalti, na ni haki yake. Lakini katika muda wa nyongeza Hungaria walifunga bao moja tu. Moja! Kipa Valérie Nicolas ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa mashindano. Kocha Olivier Krumbholz alibaki na imani hiyo hadi ubingwa wa 2017, walipoizuia Norwe isivuke mabao 21 wakiwa na Amandine Leynaud golini na Béatrice Edwige katikati ya ulinzi.

Utaniambia, na mfungaji wa Ufaransa Elohim Prandi je? Haki yako. Nusu fainali ya Ulaya, Januari 2024, Cologne, Uswidi wanaongoza 27 kwa 26 na muda umekwisha kabisa. Umebaki mpira mmoja wa adhabu, ukuta wa Waswidi umesimama mikono juu. Prandi, ambaye miaka 2 kabla alichomwa visu usiku wa mwaka mpya mjini Paris, akainama upande, akaurusha, ukaingia. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Ila bao lile liliwapa sare tu. Kilichowapeleka fainali ni dakika 10 za nyongeza ambazo Uswidi walifunga mabao 3 na Ufaransa 7.

Miezi michache baadaye, robo fainali ya Olimpiki huko Lille, mkabaji alikuwa Mjerumani. Ufaransa inaongoza 29 kwa 28, mpira ni wao, sekunde chache tu zimebaki, Dika Mem anatoa pasi na Julian Köster anaweka mkono. Renārs Uščins akasawazisha, Ujerumani wakashinda 35 kwa 34 katika nyongeza, na maisha ya Karabatić uwanjani yakaishia hapo.

Wafaransa waliowahi kutajwa wachezaji bora wa dunia ni Richardson, Stéphane Stoecklin, Bertrand Gille, Karabatić, Omeyer, Narcisse, na kwa wanawake Allison Pineau mwaka 2009. Dinart hayumo. Alikuwa bingwa wa dunia 2001, 2009 na 2011, bingwa wa Olimpiki mara 2, kisha akaiongoza Ufaransa kama kocha hadi taji la dunia la 2017. Kama kura ya mwaka 2009 ingekuwa mikononi mwangu, baada ya ile fainali ya Zagreb, ningempa yeye.