Sarafu Ikirushwa, Dhamiri ya Mwanafunzi Iko Wapi?

Katika midahalo mingi ya shule za upili jijini Nairobi, mwanafunzi hachagui upande. Sarafu inarushwa au karatasi inaokotwa, shule moja inaambiwa ipendekeze, nyingine ipinge. Mada ikiwa ya papo kwa hapo, huenda wakapewa saa moja tu ya kujiandaa, kisha msemaji wa kwanza anasimama mbele ya majaji kutetea jambo ambalo labda halimwingii akilini hata kidogo. Wapo wazazi na walimu wanaouona utaratibu huu kama kuwazoesha watoto unafiki. Mimi nauunga mkono, lakini si bila masharti, na wasiwasi wao haustahili kupuuzwa.

Tuchukue mada moja: nyumba zote zilizo kando ya mito ya Nairobi zibomolewe. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwaua watu zaidi ya 200 nchini. Serikali ikaamuru waliokaa karibu na mito wahame, matingatinga yakaingia mitaa ya mabanda ya Mathare na Mukuru, na familia zikaahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia maisha kwingine. Mwanafunzi anayeishi Runda, mtaa wa matajiri, akipangiwa kupinga, hawezi kufika jukwaani na maneno matupu ya huruma. Itambidi aelewe kwamba mtu hajengi kando ya Mto Mathare kwa ukaidi. Kodi ya chumba pale anaimudu, kibarua cha Eastleigh anakifikia kwa miguu, na watoto wanasoma jirani. Itambidi apige hesabu ya kodi ya mwezi wa kwanza, amana ya nyumba na gari la kubebea vyombo, aone elfu kumi zinaishia wapi. Na anayependekeza naye atalazimika kuikabili miili iliyosombwa na maji usiku, aeleze kwa nini kumwacha mtu akae pale kwa jina la haki yake ni kumwacha afe.

Hiyo ndiyo faida ya sarafu. Kijana wa miaka 16 mara nyingi hajautafuta msimamo wake. Ameupata nyumbani, kanisani, msikitini au mtaani. Akiachwa achague upande, atachagua ule ule alioamka nao, na atarudi nyumbani akiwa vile vile alivyotoka.

Sasa mgeuze mwanafunzi. Huyu ametoka Mukuru, nyumba ya kwao ilibomolewa mwaka ule, na karatasi aliyookota imeandikwa “pendekeza”. Yule wa Runda anajifunza. Huyu anachokonolewa kidonda. Kanuni ni moja, mzigo si mmoja. Hapa ndipo naona wakosoaji wana haki kubwa kuliko wanavyopewa. Katika mtindo wa mashindano ya dunia ya midahalo ya shule, yaliyoanza mwaka 1988, alama 100 za hotuba hugawanywa hivi: 40 za yaliyomo, 40 za mtindo wa kuzungumza, 20 za mkakati. Imani ya msemaji haina alama.

Wakosoaji pia wana historia upande wao. Washairi wa Mombasa na Lamu waliojibizana kwa tungo katika karne ya 19 walisimama na miji yao kwa dhati. Katika bustani ya Jeevanjee, katikati ya jiji, raia wanaokutana kujadili siasa kwa jina la Bunge la Mwananchi hawapangiwi upande. Mtu husema linalomkera. Na vijana walioufafanua na kuupinga Muswada wa Fedha wa 2024, uliotaka kuongeza kodi, kifungu kwa kifungu, hadi Rais akakataa kuutia saini tarehe 26 Juni, hawakusukumwa na sarafu. Tukizalisha wasemaji hodari wasioamini lolote, tutakuwa tumewaandalia wanasiasa wanaoshutumu kodi wakiwa upinzani na kuitetea wakiingia serikalini waandishi wao wa hotuba.

Hata hivyo, unafiki hauwezi kuwepo pasipo anayedanganywa. Ukumbini kila mtu anajua kwamba pande zimepangwa, kama mahakama inavyojua kwamba wakili anamsemea mteja. Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa kila mshtakiwa haki ya kuwakilishwa na wakili, na haki hiyo ingekufa kama mawakili wote wangewasemea wale wanaowapenda tu. Tofauti ni kwamba wakili ni mtu mzima aliyeichagua kazi. Mwanafunzi anahitaji kulindwa zaidi.

Kwa hiyo waandaaji wazitume mapema mada zinazogusa ubomoaji, dhuluma za kijinsia au mauaji, na mwalimu aweze kuomba timu yake ibadilishiwe upande bila mtoto kutajwa wala kuulizwa sababu. Halafu, baada ya matokeo kusomwa, wasemaji wanaotaka wapewe dakika mbili mbili waseme wanasimama wapi wao wenyewe, na ni hoja gani ya wapinzani wao iliyowatikisa. Najua ratiba hubana, na mabasi ya shule yanataka kuondoka kabla Thika Road haijajaa msongamano wa magari. Dakika hizo zipunguzwe kwenye hotuba za wageni waalikwa. Siku ile ni ya wanafunzi.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni simu. Ukumbi unajua pande zimepangwa, lakini anayetazama klipu ya sekunde 30 kwenye TikTok hajui. Anamwona binti aliyevaa sare akisema nyumba za watu zibomolewe, na jina la shule liko kifuani. Matusi yatamfuata yeye, sarafu haitaonekana popote. Shule inayorusha video za mdahalo iandike juu ya picha, muda wote wa klipu, kwamba msemaji amepangiwa upande. Na ikiwa mzazi hajakubali, isirushe kabisa.