Basel ilipoipigia kura Picasso

Kisa cha Basel na mchoraji Pablo Picasso husimuliwa kama hadithi ya mapenzi: mji wa Uswisi ulioipenda sanaa mpaka ukaipigia kura. Ni kweli ilitokea. Ila wasimulizi huwaruka waliosema hapana, nao hawakuwa wachache.

Aprili 1967, ndege ya kampuni ya Globe Air ilianguka karibu na Nicosia, Cyprus, ikaua watu 126. Mwenye hisa nyingi alikuwa Peter Staechelin, wa familia yenye hazina ya picha ambazo Kunstmuseum, jumba la makumbusho ya sanaa la Basel, lilikuwa limeziazima kwa miaka mingi. Kampuni ilifilisika, pesa zikatakiwa, picha zikaanza kutafutiwa wateja. Mbili zilikuwa za Picasso: moja ya kaka na mdogo wake, nyingine ya mchekeshaji aliyeketi. Bei ya zote mbili ilikuwa faranga milioni 8.4. Baraza la jimbo likaidhinisha milioni 6, milioni 2.4 zilizobaki zitoke mifukoni mwa watu.

Wapinzani wakakusanya saini, na suala likalazimika kwenda kwa wapiga kura. Hoja yao si ya kubezwa. Kwa jicho la mlipa kodi, hapa kuna familia tajiri iliyopata hasara katika biashara yake, na sasa hazina ya umma inaombwa kununua mali zake kwa bei ya soko. Mzee anayesubiri nafasi kwenye makao ya wazee ana haki ya kuuliza turubai mbili zitamfaa nini. Mimi ningekuwa mkazi wa Basel mwaka ule, sina hakika jibu langu lingekuja haraka.

Upande wa pili ulikuwa na historia. Mwaka 1661 mji huo, pamoja na chuo kikuu chake, ulinunua mkusanyiko wa familia ya Amerbach, wenye kazi za mchoraji Holbein, ili usiuzwe nje. Kwa hiyo kutumia fedha za umma kwa sanaa hakukuwa kituko cha vijana wa miaka ya sitini. Tena picha ikishaingia sebuleni kwa tajiri wa mbali, kuirudisha ni ndoto.

Novemba ikafanyika "sherehe ya ombaomba", harambee ya mitaani kweli kweli: watu waking'arisha viatu vya wapita njia, wakiuza hiki na kile, vijana wakivaa beji za "I like Pablo". Tarehe 17 Desemba kura zikahesabiwa: ndiyo 32,118, hapana 27,190. Picasso, akiwa na miaka 86, aliguswa sana, akamwita mkurugenzi wa jumba hilo, Franz Meyer, nyumbani kwake Ufaransa na kuupa mji kazi nyingine nne bure.

Naona sifa ya ushindi huo wanastahili pia wapinzani. Bila saini zao, fedha zingepita barazani kimyakimya kama bajeti ya barabara, na Picasso asingekuwa na kura ya kuguswa nayo. Kulazimika kumshawishi jirani asiyetaka ndiko kulikoligeuza jambo la wajumbe kuwa la mji mzima. Hata hivyo, swali la nani aliyenufaika na zile milioni 8.4 halikufutwa na furaha ya Desemba.

Halafu kuna suala la bei, ambalo uungwaji mkono wa watu hauliwezi. Mwaka 2015 ilijulikana kuwa picha ya mchoraji Gauguin ya 1892, "Nafea Faa Ipoipo", nayo ya hazina ileile ya Staechelin na iliyoning'inia hapo Basel kwa miongo kadhaa, imeuzwa. Baadaye ikafahamika mahakamani kuwa ilikwenda kwa dola milioni 210. Hiyo ilikuwa ya kuazima tu, na wenyewe walipoitaka, mji haukuwa na la kupigia kura.